Kuomba Taarifa Rasmi Halmashauri: Omba Nyaraka, Usiombe Maelezo

Kila inapovuma habari ya mradi wa halmashauri uliokwama, mfereji uliobomoka kabla haujatimiza mwaka au ushuru uliopandishwa ghafla, hakosekani mtu wa kusema kwamba wananchi wana haki ya kuomba taarifa, wala hakosekani wa kumjibu kwamba waliomba wakanyimwa. Ukiwauliza hao walionyimwa waliomba nini hasa, wengi watakueleza kwamba walifika ofisini, wakauliza ni kwa nini kazi imefanyika vibaya, wakajibiwa kwa mkato au wakaambiwa warudi wiki inayofuata. Swali lao ni halali, na kiongozi aliyechaguliwa anapaswa kulijibu, lakini kwa macho ya sheria hilo bado si ombi la taarifa. Watu wengi wenye haki kamili ya kupewa walichokitaka hutoka mikono mitupu kwa sababu hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo.

Tuanze na maana. Ninaposema halmashauri ninakusudia chombo chochote cha serikali ya mitaa kinachokusanya mapato na kutoa huduma karibu na wananchi, kiwe kinaitwa manispaa, baraza la mji, halmashauri ya wilaya au serikali ya kaunti. Taarifa rasmi ni jambo lolote ambalo chombo hicho kimelihifadhi katika kazi zake kwa namna yoyote ile: barua, mkataba, muhtasari wa kikao, hati ya malipo, ramani, picha, barua pepe, jedwali lililomo kwenye kompyuta, hata sauti iliyorekodiwa. Ombi la taarifa ni maandishi yanayoitaka halmashauri impe mwombaji nakala ya jambo hilo au imruhusu kuliona. Neno la kuzingatia hapo ni kwamba jambo lenyewe *limehifadhiwa*. Sheria karibu zote za aina hii zinampa mwananchi haki juu ya kile ambacho tayari kipo ndani ya jalada. Hazimlazimishi afisa kutunga maelezo mapya, kutoa maoni yake au kujitetea.

Fikiria mteja aliyenunua bidhaa dukani. Akidai risiti, anadai kitu kilichopo, chenye tarehe na kiasi, na muuzaji hana pa kukwepea. Akidai kuelezwa kwa nini bei imekuwa kubwa, amefungua mazungumzo ambayo muuzaji anaweza kuyapeleka popote apendapo. Anayekwenda halmashauri afanye kwanza kazi ya kudai risiti. Maswali ya kwa nini yana nafasi yake, na yanakuwa na nguvu zaidi pale anayeuliza anapokuwa ameshika karatasi mkononi.

Vibarua wa Rajasthan na orodha zao za malipo

Sioni mfano unaoonyesha nguvu ya jambo hili kuliko ule wa jimbo la Rajasthan nchini India, katika miaka ya 1990. Vibarua wa vijijini waliokuwa wakichimba mabwawa na kutengeneza barabara kwa fedha za umma walilalamika kwamba wanalipwa chini ya kima cha chini kilichowekwa na serikali. Kila walipolalamika, maafisa waliwajibu kwamba vipimo vya kazi vilivyomo kwenye vitabu vinaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Jibu hilo lilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba vitabu vyenyewe hakuna kibarua aliyeruhusiwa kuviona. Chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, ambacho Aruna Roy alikuwa mmoja wa waasisi wake, kikaacha kubishana juu ya nani mvivu na nani mchapakazi. Kikadai nakala za orodha za mahudhurio ya vibarua, ankara na hati za malipo.

Kuanzia mwaka 1994 nyaraka walizofanikiwa kuzipata zilisomwa kwa sauti mbele ya wanakijiji katika mikutano ya hadhara. Majina yaliposomwa, wasikilizaji wenyewe ndio waliosahihisha: huyu alishafariki, huyu alihama zamani, huyu hajawahi kushika jembe katika kazi ile. Majengo yaliyoandikwa kwamba yamekamilika na kulipiwa yalikuwa hayajakamilika. Hakuna aliyehitaji elimu ya uhasibu, kwa kuwa orodha ya majina inaeleweka na kila anayewafahamu majirani zake. Madai hayo yalikua kutoka kijiji hadi kijiji, yakawa vuguvugu la nchi nzima, na mwaka 2005 India ikatunga sheria ya taifa ya haki ya kupata taarifa. Ninalisimulia hili kwa urefu kwa sababu linafuta dhana iliyoenea kwamba kuomba taarifa ni kazi ya wanahabari na mawakili. Waliolijenga jambo hili huko India walikuwa watu wa jembe na karai, na walichokiomba kilikuwa karatasi za chombo cha mtaani mwao.

Sheria ipi inaihusu halmashauri yako

Sheria za aina hii si ngeni duniani. Uswidi ilitunga ya kwanza mwaka 1766. Marekani ilipata yake mwaka 1966, nayo ndiyo inayotajwa zaidi kwenye habari za kimataifa, lakini wengi hawajui kwamba inahusu taasisi za serikali kuu ya shirikisho peke yake. Anayetaka nyaraka za baraza la mji huko hutumia sheria ya jimbo husika. New Zealand ilianza na serikali kuu mwaka 1982, kisha mwaka 1987 ikatunga sheria nyingine kwa ajili ya serikali za mitaa. Uingereza iliziweka halmashauri na wizara chini ya sheria moja ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kwa waombaji mwaka 2005. Barani Afrika, Afrika Kusini ilitunga yake mwaka 2000, Uganda mwaka 2005, Kenya na Tanzania mwaka 2016.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, mwombaji ajiridhishe kwamba sheria anayoitaja inaigusa halmashauri yake, na kwamba yeye mwenyewe ni miongoni mwa wanaoruhusiwa kuomba. Kenya, Tanzania, Uganda na India zimeiweka haki hii mikononi mwa raia. Uingereza inamruhusu mtu yeyote, hata asiyeishi humo. Ni jambo dogo, lakini limewahi kutosha kufunga jalada la ombi.

Upo pia mkanganyiko wa njia mbili zinazofanana kwa mbali. Anayetaka kuona taarifa zinazomhusu yeye binafsi, kama jalada lake la ajira au rekodi ya matibabu aliyopata katika kituo cha halmashauri, kwa kawaida hutumia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ambayo Kenya inayo tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Sheria ya haki ya kupata taarifa ni ya mambo ya umma. Ukipeleka ombi la jambo lako binafsi chini ya sheria ya mambo ya umma unaweza kukataliwa kihalali kabisa, ukadhani umeonewa.

Barua inayojibika

Tuchukue mfano wa mfereji uliobomoka. Mwananchi anaandika: "Naomba kufahamishwa ni kwa nini mfereji umejengwa chini ya kiwango na fedha zimekwenda wapi." Afisa anayeipokea barua hii anaweza kujibu kwamba mfereji umejengwa kwa kuzingatia taratibu zote na fedha zimetumika kama ilivyokusudiwa. Ombi limejibiwa, jalada limefungwa, na mwombaji hajapata kitu.

Mwingine anaandika kwa namna nyingine. Baada ya anwani na tarehe anaweka kichwa cha barua: "YAH: OMBI LA NYARAKA ZA UJENZI WA MFEREJI." Kisha anasema kwamba anaomba nakala ya mkataba kati ya halmashauri na mkandarasi aliyejenga mfereji huo, mchanganuo wa kazi na gharama ulioambatanishwa na mkataba, hati za malipo yote yaliyofanywa kwa mkandarasi tangu mkataba ulipotiwa saini, ripoti za ukaguzi za mhandisi wa halmashauri, na cheti cha kukamilika kwa kazi. Anataja eneo mfereji unapoanzia na unapoishia, na mwaka wa fedha. Anaeleza kwamba kama baadhi ya nyaraka hazipo, anaomba aandikiwe hivyo kwa kila waraka peke yake.

Tazama barua hiyo ya pili inavyofanya kazi. Mchanganuo wa kazi na gharama unaonyesha ni mita ngapi za zege zilitakiwa na kwa unene gani, vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kwenda kuvipima kwa futi ya fundi. Hati za malipo zinaonyesha fedha zilitoka lini. Cheti cha kukamilika kina saini na tarehe. Kama tarehe hiyo inatangulia siku ambayo mafundi walionekana bado wakimwaga zege, hakuna haja ya kumtuhumu mtu yeyote, kwani karatasi imeshasema. Na kama cheti hakipo kabisa, ilhali malipo ya mwisho yamefanyika, basi jibu la "hatuna waraka huo" lina uzito kuliko nyaraka nyingine zote zilizotolewa. Ndiyo maana ninasisitiza kuomba kila waraka kwa jina lake. Jibu la kutokuwepo ni taarifa pia, lakini hulipati kama hukuuliza waraka mmoja mmoja.

Wapo watakaouliza mwananchi atajuaje majina ya nyaraka ambazo hajawahi kuziona. Njia ya kwanza ni kusoma zile ambazo halmashauri inatakiwa kuzitoa bila kuombwa na mtu: bajeti, mihtasari ya vikao vya wazi, matangazo ya zabuni, ripoti za ukaguzi wa hesabu. Humo majina ya nyaraka nyingine hutajwa, mara nyingi pamoja na namba zake za kumbukumbu. Njia ya pili ni kumtaka afisa mwenyewe asaidie. Sheria ya Uingereza inaitaka halmashauri impe mwombaji ushauri na msaada unaostahili. Sheria ya Kenya inakubali ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na inamtaka afisa aandike kwa niaba ya mwombaji asiyejua kusoma na kuandika au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika. Msaada huo ni wajibu wa kisheria, na mwombaji asiupokee kana kwamba ametendewa fadhila.

Upana wa ombi nao una madhara. "Naomba nyaraka zote za ujenzi kwa miaka kumi" ni sentensi inayomfurahisha afisa asiyetaka kutoa kitu. Nchini Uingereza halmashauri inaruhusiwa kukataa ombi ambalo kulishughulikia kungegharimu zaidi ya pauni 450, kiasi kinachohesabiwa kuwa ni saa 18 za kazi. Nchi nyingine zina vikomo vya namna yake. Ombi la mradi mmoja, katika mwaka mmoja wa fedha, halitoi nafasi ya kisingizio hicho.

Barua ikishakamilika ipelekwe masjala, na nakala ya mwombaji igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Pale ambapo sheria inaruhusu barua pepe, ujumbe uliotumwa uhifadhiwe. Siku za kujibu zinahesabiwa kuanzia tarehe ya kupokelewa, na asiye na ushahidi wa tarehe hiyo hana pa kuanzia kuhesabu.

Je, lazima utoe sababu?

Hapana, kwa vyombo vya umma katika nchi nyingi. Hili ndilo jambo linalowakwaza watu kuliko yote, kwa sababu swali la kwanza dirishani huwa ni "unazitakia nini?" na mwombaji hujiona kama mtuhumiwa. Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba haki haiathiriwi na sababu anayoitoa mtu, wala na dhana ya ofisi kuhusu sababu zake. Sheria ya India inakataza kumdai mwombaji sababu. Mambo hubadilika pale nyaraka zinapokuwa mikononi mwa kampuni au mtu binafsi: nchini Afrika Kusini na Kenya, anayeomba kwa mtu binafsi anapaswa kuonyesha kwamba anazihitaji ili kutekeleza au kulinda haki fulani. Huenda hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Lakini halmashauri si mtu binafsi, na mwombaji anaweza kumjibu afisa kwa heshima kwamba sheria haimtaki aeleze sababu, kisha akanyamaza.

Kuhusu muda, Kenya na Uganda zimeweka siku 21, Tanzania, India na Afrika Kusini siku 30, Uingereza na New Zealand siku 20 za kazi. Kenya na India zina kifungu ambacho ningependa kila mtu akifahamu: taarifa inayogusa uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48. Muda unaweza kuongezwa kwa sababu maalumu. Kenya inaruhusu mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Halmashauri iliyopokea ombi la jambo lililo kwenye ofisi nyingine ya umma haitakiwi kumrudisha mwombaji nyumbani, na kwa sheria ya Kenya inapaswa kulihamishia ombi huko ndani ya siku 5.

Na muda ukipita kimya? Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani ombi lao limetupwa na habari imeishia hapo. Kwa sheria za Kenya, India na Afrika Kusini, kimya hicho kinahesabiwa kuwa ni kukataliwa. Maana yake ni kwamba siku baada ya muda kwisha mwombaji ana haki ya kukata rufaa kana kwamba ameandikiwa barua ya kumkatalia. Hana haja ya kusubiri jibu ambalo ofisi imeamua kutolitoa.

Siri halali na siri ya kisingizio

Sikusudii kusema kwamba kila kitu kinapaswa kuwa wazi. Jina la mtoto aliye chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, hali ya afya ya mlipa kodi aliyeomba msamaha, ushauri ambao wakili ameipa halmashauri katika kesi inayoendelea, jina la mtu aliyetoa siri ya uhalifu: hivi vinalindwa kwa sababu nzuri, na mwombaji muungwana anavikubali. Sheria zinataja makundi ya taarifa zinazoweza kuzuiwa, kama usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za biashara na mwenendo wa mashauri. Lakini muhuri wa neno SIRI juu ya jalada hautoshi peke yake. Ofisi inapaswa kueleza ni kundi lipi linahusika, na katika sheria nyingi inapaswa pia kupima kama manufaa ya umma ya kuitoa taarifa yanazidi madhara yake.

Zaidi ya hayo, sehemu moja ya waraka kuwa ya siri hakuufanyi waraka wote kuwa siri. Namba ya akaunti ya benki ya mkandarasi inaweza kufunikwa kwa wino mweusi na mkataba uliosalia ukatolewa. Nimeona maombi yakikataliwa yote kwa sababu ya mstari mmoja, na waombaji wakakubali kwa kutojua kwamba walipaswa kudai zile kurasa nyingine. Vivyo hivyo hoja ya siri ya biashara: kampuni inaweza kuwa na mbinu ya kiufundi inayostahili kulindwa, ila bei ambayo halmashauri imekubali kuilipa kwa fedha za wananchi, baada ya mkataba kutiwa saini, ni vigumu mno kuiita siri ya mkandarasi.

Gharama zisimtishe mtu. Nchini Kenya kuwasilisha ombi ni bure, na kinachoweza kudaiwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kuzifikisha. Nchi nyingine hutoza ada ndogo ya maombi. Kokote iwako, kuomba kuziona nyaraka ofisini badala ya kupewa nakala hupunguza gharama, na ukiwa pale unaweza kuchagua kurasa unazozihitaji kweli.

Ombi likikataliwa, hatua ya kwanza katika nchi nyingi ni kuomba ofisi ileile, kwa ngazi ya juu zaidi, iupitie upya uamuzi wake. Baada ya hapo kuna chombo cha nje: nchini Uingereza ni chombo huru kinachosimamia haki ya taarifa, nchini Kenya ni Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea maombi ya mapitio yanayowasilishwa ndani ya siku 30 tangu mwombaji ajulishwe uamuzi, na kwingineko ni waziri au mahakama. Barua ya rufaa isiwe ya hasira. Itaje tarehe ya ombi, waraka uliokataliwa, kifungu kilichotumika kuukataa, na sababu ya kuona kwamba kifungu hicho hakihusiki au kwamba sehemu ya waraka ingeweza kutolewa. Nakala yenye mhuri wa masjala iambatanishwe.

Mwombaji aliyepewa nyaraka chache kuliko alizoomba naye asizidharau alizopata. Hati moja ya malipo inaweza kuwa na namba ya mkataba, jina la idara iliyoidhinisha na tarehe ya kikao kilichopitisha matumizi. Barua ya pili inayotaja namba hiyo, idara hiyo na kikao hicho haiwezi kujibiwa kwamba waraka haujulikani ulipo, kwa kuwa halmashauri yenyewe imeshathibitisha kwa maandishi kwamba upo.